Picha za Mponde na Haki ya Wenyewe

Nyinyi mlioko milimani Usambara, Bumbuli, Soni, Mlalo na Mtae, ambako saa hii moto umekwisha kokwa kwa sababu ya baridi, na nyinyi mlioko pwani, Tanga, Pangani na Unguja, ambako madirisha yangali wazi kungojea upepo, nawaombeni mnipe masikio yenu kwa muda wa kipindi hiki, tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu ama amelitenda au ametendewa, nalo ni kupiga picha ugenini, mahali penye mandhari ya kuvutia.

Zamani mtu alisafiri kwa haja yake, ya biashara, ya elimu au ya kuzuru jamaa, na akijaliwa alirudi na picha moja mbili za huko alikokwenda. Siku hizi aghalabu picha ndiyo haja yenyewe. Maarusi huondoka Dar es Salaam na mavazi yao yamekunjwa masandukuni, wakavuka bahari kwenda kusimama mbele ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe au mchangani Nungwi. Wengine hupanda gari hadi Mombo, wakaukwea mlima kwa zile kona za njia ya Soni, wakaenda Irente kusimama juu ya jabali ambalo chini yake nyika imetandaa mpaka macho yachoke. Wageni wa Ulaya na Marekani huja kwa ajili ya hayo hayo. Nao Waswahili wenzetu walioko Oman, kila mwaka, katika majira yaitwayo kharifu, hufunga safari kutoka Maskati hadi Salalah, kwa kuwa huko wakati huo kuna ukungu na majani mabichi, vitu ambavyo mkaazi wa jangwani huviona kwa nadra.

Mimi simlaumu hata mmoja katika hao. Kupenda uzuri ni katika tabia njema za binadamu, na mtu aliyetumia fedha yake na siku zake kuufuata uzuri ulipo anastahili heshima. Walakini nina suali, na nawaombeni mlishike tangu mwanzo mpaka mwisho wa mazungumzo yetu. Mtu atokaye mbali akaja kupiga picha ya milima hii na ya watu waliomo, anadaiwa nini na watu hao? Jibu langu ni kwamba anadaiwa vitu viwili: ruhusa kabla ya picha, na nakala baada ya picha. Ruhusa kabla, nakala baada. Nitayarudia maneno haya, kwa maana redio haina ukurasa ambao msikilizaji aweza kuufunua tena.

Lakini kabla ya kulieleza jibu hilo, kwanza tuutazame ukungu wa milima hii, maana ndio unaowaleta wengi. Upepo wa kusi, ambao manahodha wa majahazi wanaujua kuliko mtu mwingine yeyote, hutoka bahari kuu ukiwa umejaa unyevu, ukapita Tanga na mashamba ya mkonge ya nchi ya chini, hata ukafika kwenye ukuta wa Usambara ukawa hauna njia ila kupanda. Na hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, ikipoa hufanya wingu, na wingu hilo likilala juu ya ardhi ndilo tuliitalo ukungu. Upande wa Bumbuli na Mponde ndio unaoelekea bahari, kwa hiyo ndio unaopata fungu kubwa la neema hiyo, na ndiyo sababu chai imestawi huko. Upande wa pili, kwa Mtae, ambako mtu hutazama mbuga za Mkomazi chini yake, mvua ni haba, hewa ni kavu, na macho hufika mbali sana.

Lakini kusi haikomi Usambara. Ikivuka ikweta hupinda njia yake, ikaelekea Uarabuni, na kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba huivika milima ya Dhofar ukungu ule ule, ndipo watu wa Ghuba wanapomiminika Salalah na kamera zao. Tafakarini jambo hilo, wasikilizaji. Ndugu zetu wa Maskati ambao asili yao ni Unguja na Mrima huendesha gari kutwa nzima jangwani kuufuata upepo ambao umekwisha kupita juu ya makaburi ya babu zao.

Mpiga picha aliyezoea jua la pwani hudhani kuwa ukungu ni adui wake. Hakika ni rafiki, ila ni rafiki anayetaka subira. Kamera ikielekezwa kwenye weupe mwingi hudhani kuwa mwanga umezidi, ikaupunguza, na ule ukungu wa fedha uliouona kwa macho yako ukatoka wa kijivu, umefifia. Dawa yake ni kuuongeza mwanga kidogo kwa mkono wako mwenyewe na kutoiachia mashine hukumu yote. Tena ukungu mtupu hauna umbo. Wataka kitu cheusi kilicho karibu, shina la mkaratusi, paa la nyumba, au mtu aliyeinama kazini, ndipo jicho lipate pa kuanzia, likaenda kwenye kilima cha pili kilichofifia, na cha tatu kilichofifia zaidi, hata likapotea. Jua nalo lina zamu zake. Irente yatazama machweo, na mtu afikaye hapo saa sita mchana huikuta nyika imefunikwa na vumbi na joto, akaondoka akisema kuwa amedanganywa. Mponde ni ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu ya kuufukuza ukungu mabondeni. Mwenye haraka huyakosa yote mawili.

Vilevile katika msitu wa Mazumbai, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mtu atafutaye picha ya kinyonga hufanikiwa zaidi usiku, akiwa na tochi, kwa sababu kinyonga akilala huwa mweupe na hulala kwenye ncha ya kitawi ambako mwanga humfikia upesi. Mgeni hayajui hayo kwa kusoma tu. Huambiwa na kijana wa kijiji, naye kijana huyo ndiye aghalabu hatajwi picha inapokwenda kupata sifa huko mbali.

Sasa twendeni Mponde kwenyewe, kwenye mashamba. Yaangalieni mashamba ya chai alfajiri: migongo ya vilima imefunikwa na kijani kilichokatwa sawasawa, na kati ya mistari vichwa vya wachumaji vinatokea na kutoweka kwa kadiri ukungu unavyotembea. Nenda karibu uitazame mikono. Inakwenda yote miwili pamoja, kidole gumba na cha shahada, na kila mara huvunja majani mawili na chipukizi lake, si zaidi, kwa kuwa jani la tatu ni gumu na huiharibu chai. Kisha mkono ukijaa hutupa nyuma ya bega ndani ya tenga bila mchumaji kugeuka kutazama. Nguo zimelowa umande mpaka kiunoni. Vidole vimepata weusi wa utomvu ambao sabuni haiutoi.

Asubuhi moja katika mashamba hayo nilimshuhudia kijana mpiga picha, mtu wa adabu, akimwendea mama mmoja aliyekuwa anachuma. Akasema, "Shikamoo mama." Mama akajibu, "Marahaba mwanangu, karibu." Kijana akaomba idhini ya kumpiga picha. Mama akamwambia, "Piga, lakini mimi sisimami. Jani likikaa sana gunini hupata moto, na likipata moto halinunuliwi." Mikono yake haikupumzika wakati anasema maneno hayo. Kisha, baada ya picha kupigwa, akauliza, "Na hiyo picha nitaiona wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Alikuwa ametimiza nusu ya deni lake, na nusu ile si ndogo; wengi hawaitimizi hata hiyo. Mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani, kwa hiyo kumsimamisha, kumgeuza uso kwenye mwanga, kumwambia arudie kutupa majani mara tatu kwa ajili ya kamera, ni kumtwalia sehemu ya posho yake ya siku ile. Kijana yule hakumsimamisha, na kwa hilo alifanya insafu. Lakini suali la mama lilikuwa suali la haki, nami tangu siku ile nimeona kuwa mtu yeyote aingiaye shamba la watu na kamera hana budi awe na jibu lake kabla hajaifungua kamera hiyo.

Kuna jambo jingine la Mponde ambalo mgeni hawezi kulijua asipouliza. Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa kwa mgogoro baina ya wakulima wadogo na wenye kukiendesha, kikakaa miaka mingi kimya kabla ya kufufuliwa. Chai isiyochumwa haibaki kichaka kifupi. Hurefuka, ikawa miti, ikatoa maua meupe yenye moyo wa manjano, na katika ukungu miti hiyo ina haiba ambayo sitaikana. Mpiga picha apitaye njia huiona, akafurahi, akasema kuwa amepata msitu wa ajabu wenye maua. Mwenye shamba akiitazama picha ile ile huona karo ya shule isiyolipwa, bati lisilonunuliwa, na kijana wake aliyeshuka Mombo kutafuta kibarua kwa kuwa jani halikuwa na pa kupelekwa. Picha ni moja, na yote mawili ni kweli. Lakini yule wa kwanza hataijua kweli ya pili mpaka asimame, aamkie, aulize. Ndiyo maana nasema kuwa ruhusa si neno la kupita tu. Ruhusa ikiombwa vizuri huzaa mazungumzo, na mazungumzo humfunza mpiga picha ni kitu gani anachokitazama.

Wageni wenye kamera si jambo jipya katika milima hii. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilipofika Mombo mwaka 1905, Usambara ikawa karibu na bandari, na Wajerumani wakaifanya Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, mahali pa kupumzikia kutokana na joto la pwani. Kamera zikapanda pamoja nao. Walther Dobbertin, aliyekuwa na duka la picha Dar es Salaam katika miaka iliyotangulia Vita Vikuu vya Kwanza, alipiga picha nyingi za nchi hii, na leo picha hizo ziko katika hifadhi ya nyaraka za taifa la Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilizifungulia umma picha zake maelfu kwa maelfu kwa njia ya intaneti. Nasema kwa moyo safi kuwa hilo lilikuwa jambo jema, kwani mtoto wa Bumbuli mwenye simu aweza sasa kuziona. Lakini katika picha za zama zile, aghalabu afisa ana jina lake na cheo chake, na mtu aliyembebea mizigo ni mchukuzi tu, hana jina, hana kijiji, na wajukuu zake wakiipita sura yake hawatajua kuwa ni yake. Hata lile ua la zambarau la misitu yetu, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892, liliingia katika vitabu vya wataalamu mwaka uliofuata likiwa na jina la ukoo wake. Ua halina malalamiko. Mtu anayo.

Wala tusidhani kuwa ni Afrika peke yake. Huko Marekani, katika bonde la Yosemite, Carleton Watkins alipiga mwaka 1861 picha za majabali na maporomoko zilizowastaajabisha watu wa mashariki ya nchi, na picha hizo zilisaidia kumfikisha Rais Abraham Lincoln mwaka 1864 kutia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde lile. Ni faida kubwa, na mpenda misitu yeyote wa Usambara ataisifu. Ila bonde lile lilikuwa maskani ya watu, Waahwahneechee, ambao miaka kumi kabla ya picha zile, mwaka 1851, walifukuzwa na askari. Na mandhari tupu isiyo na mtu iliyopendwa na dunia iliwasahaulisha watazamaji kuwa wenyewe walikuwapo. Mimi naogopa mandhari tupu. Mtu akija Mponde akangoja wachumaji wapite ndipo apige picha ya vilima vitupu, kwangu mimi amekitupa kilicho bora, kwa kuwa kijani kile kilichokatwa sawasawa hakikuota hivyo. Kimefanywa hivyo kwa mikono.

Pengine msikilizaji mmoja atasema: Bwana, milima ni ya Mungu, na ukungu hauna mwenyewe, naomba ruhusa kwa nani? Maneno yake ni ya haki. Akisimama Mtae siku hewa imetakata, akauona Kilimanjaro kule mbali, na apige apendavyo. Lakini mtu akiingia ndani ya picha, jambo limebadilika, na akiwa ni mtoto limebadilika zaidi, maana idhini yake iko kwa mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tuliyoitunga mwaka 2022 inazilinda taarifa za kumtambulisha mtu, na ni kitu gani kimtambulishacho mtu kuliko sura yake? Kadhalika pako mahali kama makaburi ya watawala wa Kilindi kule Vuga, na vichaka vya matambiko, ambako mgeni mwenye heshima haingii na kamera pasipo mzee wa mahali kumwongoza.

Mwingine atasema: basi tuwalipe fedha, mambo yaishe. Sikatai, aliyesimamishwa kazi alipwe muda wake. Ila fedha peke yake sipendi iwe ndiyo desturi, kwa sababu humfanya mtoto aache shule akae njiani kungoja magari, na humfanya mgeni ajione kuwa amekwisha nunua, hadaiwi tena. Nakala haina madhara hayo.

Na hapa nataka niwakumbushe desturi yetu wenyewe, kwa kuwa hili la nakala sikuliokota kwa wageni. Katika miji ya pwani picha ilikuwa ni mali ya aliyepigwa. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, mtu aliingia amevaa kanzu yake ya Idi, akakaa, akapigwa, akalipa, akarudi siku ya pili kuchukua picha yake akaitundika barazani. Kule Lamu, Omar Said Bakor aliwafanyia watu wake hivyo hivyo kwa miaka mingi. Na katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, palikuwa na wapiga picha waliotundika mapazia yaliyochorwa majahazi, ndege, majumba marefu na milima ya nchi za mbali, ili mfanyakazi aliyeshuka kutoka bara, asiye na nauli ya kwenda popote, asimame mbele ya nchi aipendayo. Ugenini ulimfuata yeye. Je, picha ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa yake. Aliitia ndani ya bahasha akaipeleka kwao, mama yake akaiona.

Basi mgeni wa Mponde ana kamera bora kuliko za Likoni na ana mlima wa kweli badala ya pazia. Kitu pekee anachopungukiwa ni kile alichokifanya mpiga picha wa kivukoni kila siku, yaani kumpa mtu sura yake mkononi. Ruhusa kabla alikuwa nayo kwa kuwa mteja alikuja mwenyewe, na nakala baada alikuwa nayo kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipiwa. Ruhusa kabla, nakala baada.

Yafanyikeje? Si kazi ngumu. Mwulize mtu jina lake na kitongoji chake, uandike, tena andika anavyolitamka yeye. Uliza kama ana simu ya kupokea picha. Na kama hana, maana wazee wengi hawana, safisha picha kwenye karatasi mjini Lushoto, au Mombo unaposhuka, uandike nyuma yake jina la mtu, mahali na tarehe, kisha uiache kwa dereva wa gari la Bumbuli ikabidhiwe ofisi ya serikali ya kijiji, au katika duka ambalo mwenye picha hununua chumvi. Ukichapisha picha hiyo nje, jina lile lile liende nayo. Na nyinyi wenyeji, viongozi wa vijiji na walimu wa shule, mgeni akifika ofisini kujiandikisha, mwambieni desturi hii mapema, kwa upole, pamoja na kumwonyesha njia na mahali pa kulala, ili asije akasema kuwa hakujua.

Nina ombi moja kwa wazee wanaonisikiliza. Kama mna picha za zamani ndani ya masanduku, za mashamba, za kiwanda, za harusi, za reli, zitoeni jioni moja mkae na wajukuu, muwaambie ni nani na nani waliomo, nao waandike majina kwa penseli nyuma ya karatasi, kwa maana wino hupenya ukaharibu uso wa picha. Msizibandike kwa gundi katika kitabu. Zitieni katika bahasha, mbali na moshi wa jiko na unyevu wa ukuta, ambao kwa milima yetu ndio unaokula picha upesi.

Saa yangu imekwisha. Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya utunzaji wa barua za zamani.